Nataka kuandika draiva ya waifai: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea kompyuta hapa Dar, naishi Mbagala Rangi Tatu. Mwezi uliopita nilinunua adapta ya waifai ya USB Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa sababu waifai ya laptopu yangu imekufa. Kwenye Windows ya rafiki yangu inafanya kazi. Kwangu natumia Linux, nikiichomeka taa inawaka halafu basi. Muuzaji kaniambia mbovu ni hiyo Linux yangu. Sasa nimeamua likizo hii ya miezi 3 niiandikie draiva mwenyewe. C nimeisoma muhula mmoja. Nimefungua draiva moja iliyomo ndani ya Linux nikakuta maelfu ya mistari, sikuambulia kitu hata ukurasa wa kwanza. Nijifunze nini kwanza? Na je, nitamaliza kabla chuo hakijafunguliwa?
Kijana wa Rangi Tatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimefurahi kwamba hukuomba mtu akuandikie. Lakini kabla hujaandika hata mstari mmoja, hakikisha adapta hiyo kweli haina draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kuongea nayo. Vijana wengi wanaopita karakana kwangu Sinza na kilio kama chako, tatizo lao huwa jingine kabisa.

Ichomeke, fungua terminali, andika lsusb. Utaona namba mbili za tarakimu nne nne zilizotengwa kwa nukta mbili, kwa mfano 0cf3:9271. Ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya bidhaa. Hizo ndizo jina la kweli la adapta yako. Lililoandikwa kwenye boksi usilitegemee: nimewahi kununua mbili duka moja, siku moja, boksi zinafanana mpaka rangi, ndani kila moja na chipu yake. Ukishazipata namba, zitafute kwenye faili la modules.alias lililo ndani ya folda ya /lib/modules ya kerneli (kiini cha Linux) unayotumia. Zikiwemo, pembeni utaona jina la draiva inayohusika. Namba za mfano wangu zitakupeleka kwa ath9k_htc.

Halafu soma dmesg, yaani ujumbe ambao kerneli inauandika, taratibu. Ukiona maneno kwamba famuweya imeshindwa kupakiwa, na mwishoni kuna kosa namba -2, draiva ipo na inafanya kazi yake. Namba hiyo maana yake ni kwamba faili halijaonekana. Kinachokosekana ni faili la famuweya, yaani programu ndogo inayopelekwa ndani ya chipu yenyewe kila inapowashwa. Weka hilo faili, kazi imekwisha. Ukiona badala ya waifai imetokea diski ndogo, basi adapta yako ni ya zile zinazojitambulisha kwanza kama sidii yenye draiva ya Windows. Programu ya usb_modeswitch inaigeuza ikawa adapta. Na ikiwa unaijua chipu na draiva yake ipo, ila namba za bidhaa yako hazimo kwenye orodha, unaweza kuiambia draiva namba hizo wakati inaendelea kufanya kazi, kwa kuziandika kwenye faili la new_id la draiva hiyo ndani ya /sys. Anza na hayo jioni ya leo.

Tuseme yote umeyafanya na bado kimya. Au tuseme imewaka, lakini hamu ya kujua ipo pale pale, na naomba iwepo. Sasa tuzungumze.

Kilichokuangusha ukurasa wa kwanza ni kwamba uliingia ukidhani draiva ya waifai inafanya waifai yote. Haifanyi. Kazi imegawanywa kwa watu wengi, na kila mmoja ana mpaka wake. Usipoijua mipaka hiyo utatafuta ndani ya draiva vitu ambavyo havimo, na vilivyomo hutaelewa vimewekwa kwa sababu gani.

Nikupe mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Fremu ya data, yaani kifurushi kimoja kinachorushwa hewani, inapofika salama, mpokeaji anatakiwa arudishe fremu fupi ya "nimepata". Kwenye masafa ya 2.4 GHz anapewa mikrosekunde 10 kabla ya kuanza kuirusha. Kumi tu. Adapta yako iko kwenye USB, na USB 2.0 ya kasi ya juu inagawa muda wake vipande vya mikrosekunde 125. Yaani kabla kompyuta haijapata hata zamu ya kuambiwa kwamba kuna fremu imefika, muda wa kujibu umeshapita zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo jibu hilo hatoi draiva, anatoa chipu mwenyewe, hapo hapo, bila kumwuliza mtu. Ukilielewa hili hutahangaika kutafuta kwenye draiva mahali panapotuma "nimepata".

Sasa panda juu. Kwenye chipu nyingi za bei yetu, mambo ya kutafuta mitandao, kujitambulisha kwa akses pointi (kifaa kinachorusha waifai, kama ruta ya nyumbani), kuomba kujiunga, kupanga upya fremu zilizokuja shaghalabaghala, hayo yote yanafanywa na sehemu ya kerneli inayoitwa mac80211. Ilishaandikwa, inatumiwa na draiva nyingi kwa pamoja, na wewe huiandiki tena. Juu yake kuna cfg80211, inayopokea maagizo kutoka kwa programu za kawaida na kulinda sheria za masafa za nchi. Nywila na makubaliano ya funguo ni kazi ya wpa_supplicant, ambayo hata ndani ya kerneli haimo. Zipo pia chipu za aina nyingine, hasa za simu, ambazo mambo ya mac80211 zinayafanya zenyewe kwa famuweya, na draiva zake huongea na cfg80211 moja kwa moja. Ndiyo maana kujua chipu yako ni ya kundi gani ni swali la kwanza, si la mwisho.

Kinachobaki kwako ni hiki: kuwasha chipu, kuizima, kuihamisha chaneli, kuipa fremu za kurusha, kuzipokea zilizoingia na kuzikabidhi kwa mac80211. Ni kazi kubwa, lakini ina mwanzo na mwisho.

Ili uifanye, C ya muhula mmoja haitoshi, ila pengo lako si pana kama unavyodhani. Pointa za kawaida unazijua. Jifunze pointa za funksheni, kwa sababu kerneli yote imeshonwa nazo: unajaza jedwali la funksheni zako, unalikabidhi, na mac80211 inakuita inapokuhitaji. Jifunze kushika biti moja moja ndani ya namba, kuiwasha, kuizima, kuisogeza kushoto na kulia. Na jifunze mpangilio wa baiti mpaka uuote.

Hili la baiti lilinila wiki nzima. Niliandika kipande cha kusoma taarifa kutoka kwenye chipu, kikafanya vizuri sana kwenye laptopu. Nikakipeleka kwenye ruta ya zamani yenye prosesa ya MIPS, ikadai iko kwenye masafa ya 27657. Chaneli ya kwanza ya waifai ni 2412 MHz. Nikakaa na karatasi na kalamu: 2412 kwa hekisadesimali ni 096C. Zigeuze baiti mbili hizo upate 6C09, rudisha kwenye namba zetu, ni 27657. Chipu ilikuwa inaandika baiti ndogo kwanza, laptopu yangu nayo inasoma ndogo kwanza, basi kosa langu likajificha. Ruta ile ilisoma kubwa kwanza, kosa likatoka hadharani. Tangu siku hiyo kila namba inayotoka nje naipitisha kwenye le16_to_cpu na ndugu zake, na naiendesha programu ya sparse initazamie nilipopitiwa. Fremu za waifai zenyewe zinatanguliza baiti ndogo, wakati vichwa vya IP vinavyosafiri ndani yake vinatanguliza kubwa. Utakutana na vyote viwili ndani ya fremu moja.

Baada ya C, ingia kerneli kupitia mlango mdogo kuliko yote: moduli, yaani kipande kinachopachikwa kwenye kerneli, isiyofanya kitu. Inapakiwa kwa insmod, inaandika neno moja kwenye dmesg, inaondolewa kwa rmmod. Usiidharau. Humo utajifunza kuikompaili dhidi ya kerneli uliyonayo, na kusafisha ulichokishika kabla hujaondoka. Msimbo wote wa kerneli ukiushusha kama faili lililobanwa ni megabaiti 100 na kitu, kwa hiyo panga bando lako. Usivute historia yote ya git, itakumaliza.

Na tafadhali, moduli zako zijaribie ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako. Namaanisha. Mimi nilikuwa na laptopu moja ya kila kitu, na moduli yangu ilikuwa imekaa wiki mbili bila shida. Siku moja nikiwa nimefungua kurasa nyingi, na ripoti ya mteja niliyoiandika tangu asubuhi sijaihifadhi, skrini ikaganda. Hakuna kitufe kilichosaidia. Ripoti ikaenda.

Sababu nilikuja kuijua baadaye, na nakupa wewe bure. Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bafu moja. Asubuhi mpangaji mmoja anaingia, anafunga kwa ndani, analala humo humo. Wengine wamesimama na ndoo, hakuna anayeenda kazini. Kwenye kerneli kuna kufuli linaloitwa spinloki: anayelisubiri haendi kulala, anabaki mlangoni akigonga na kugonga. Kwa hiyo aliye ndani haruhusiwi kulala kabisa. Mimi nikiwa nimelishika niliomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, ombi ambalo kumbukumbu ikiwa haba hulala kusubiri ipatikane. Wiki mbili zile kumbukumbu ilikuwa tele, ombi halikulala. Siku ile ikapungua. Nilipaswa kutumia GFP_ATOMIC, ambayo hailali, ikikosa inarudi na jibu la kukosa. Unapojenga kerneli ya majaribio washa CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP. Itakupigia kelele kwenye dmesg siku ya kwanza, hutangoja wiki mbili. Sheria ya nani anaweza kulala na wapi ndiyo nitakayokuuliza kwanza siku ukija karakana.

Kisha soma draiva ya mtandao isiyo na kifaa. Ndani ya drivers/net kuna dummy.c na loopback.c, fupi zote mbili. Zisome mpaka uweze kusema kwa maneno yako paketi inaingiaje, inabebwa na nini, na nani anaitupa mwishoni. Kitu kinachobeba paketi kinaitwa sk_buff, utaishi nacho.

Halafu ndiyo hewa, na hapa nina zawadi kwako: huhitaji adapta hata moja. Kerneli ina moduli ya mac80211_hwsim. Ukiipakia kwa modprobe mac80211_hwsim radios=2 unapata redio mbili za kuigiza ndani ya kompyuta yako. Moja ifanye akses pointi kwa hostapd, nyingine iunganishe kwa wpa_supplicant. Inua kiolesura cha hwsim0, ufungulie tcpdump au Wireshark, programu za kunasa na kuonyesha fremu, utaona mazungumzo yote yakipita. Akses pointi inajitangaza, kwa mpangilio wa kawaida kila milisekunde 102.4. Mteja anauliza, anajitambulisha, anaomba kujiunga, kisha zinapita barua nne za kukubaliana funguo. Kaa hapo siku nyingi. Badilisha nywila iwe ya makosa uone mazungumzo yanakatikia wapi. Ukitaka kupingi kati ya hizo redio mbili, moja ihamishie kwenye netns yake (chumba cha mtandao kilichotengwa ndani ya kerneli), la sivyo kerneli itaona zote ni za nyumbani na paketi haitapita hewani.

Ukifungua fremu utashangaa anwani ni tatu, wakati kwenye waya ziko mbili. Umewahi kutuma mzigo Dodoma kwa basi? Unaenda stendi ya Magufuli, Mbezi. Kwenye boksi kuna jina lako na jina la shangazi, lakini mkononi unampa karani wa basi. Karani huyo ndiye akses pointi: fremu inapokelewa na yeye ingawa si yake. Kwenye waya karani hahitaji kuandikwa. Hewani ni lazima, kwa sababu kila aliye karibu anasikia, na mmoja tu anatakiwa aipokee na kujibu ndani ya zile mikrosekunde 10. Nafasi ya anwani ya nne nayo ipo, kwa pale ambapo karani anamkabidhi karani mwenzake.

Ukifika hapo, ule msimbo wa mac80211_hwsim usome wenyewe kama draiva, maana ndivyo ulivyo: una jedwali lile lile la funksheni ambalo draiva yako itajaza. USB iache mwisho. Soma jinsi draiva inavyotangaza namba za bidhaa, inavyoitwa kifaa kikichomekwa, na zaidi ya yote inavyoitwa kikichomolewa ghafla data ikiwa njiani, maana huko ndiko nyingi zinakofia. Draiva halisi ya kuanzia kuisoma ningekupa rtl8187: ni ya USB, ni ya kizazi cha 802.11g (kiwango cha zamani cha waifai), na haina mlolongo wa mambo ya kisasa.

Kuhusu miezi 3. Kujifunza haya kwa uhakika, inatosha ukikaa kila siku, na utarudi chuoni ukiweza kusoma draiva yoyote ya waifai na kuirekebisha kasoro ndogo. Kuandika draiva nzima ya chipu isiyo na maelezo ya mtengenezaji, haitoshi. Chipu za Broadcom za miaka ile zilikuwa hivyo. Ilibidi kundi moja la wajitoleaji lichunguze draiva iliyofungwa na kuandika maelezo yake, kundi jingine liandike draiva mpya kwa kusoma maelezo hayo tu, na ikaingia kwenye kerneli ya 2.6.17 mwaka 2006. Hao walikuwa timu, na waliijua kerneli vizuri. Wewe usijipime kwa adapta hiyo moja ya Aggrey. Niandikie ukiona zile barua nne zimepita kwenye hwsim0, na unitajie namba za lsusb tuangalie pamoja.

SWALI: Mama habari za kazi. Mimi naandika Python kazini, na nimeanza kujifunza Rust. Nasikia Rust imeingia kwenye Linux. Naweza kuiruka C?
Msomaji wa Kigamboni

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Ni kweli, msingi wa Rust uliingia kwenye kerneli ya 6.1 mwaka 2022. Lakini mac80211 imeandikwa kwa C, na draiva za waifai utakazojifunzia ndani ya kerneli ni za C. Huwezi kujifunza kutoka kwa wenzako bila kusoma lugha yao. Rust endelea nayo, itakuzoesha kuuliza kila mara nani ana mali hii na anaiachia lini, na hilo ndilo swali lenyewe la kumbukumbu ndani ya kerneli. Python nayo itakufaa: ichambulie faili za fremu ulizonasa, uhesabu, uchore.

SWALI: Mwalimu, nimeweka adapta yangu kwenye hali ya kusikiliza tu, naona fremu za mtaa mzima hapa Tandika. Kuna ubaya gani nikizihifadhi za majirani nijifunzie?
Msomaji wa Tandika

JIBU: Upo, tena mkubwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa, na kusema ulikuwa unajifunza hakukupi ruhusa. Hata bila sheria, hayo ni maisha ya watu: saa za kulala, simu zipo ngapi ndani, nani kaingia. Hizo ulizohifadhi zifute leo. Nunua ruta iliyotumika, uwe na simu yako na adapta yako, chagua chaneli moja, na kwenye programu ya kunasia weka kichujio cha anwani za vifaa vyako. Ukitaka fremu nyingi zaidi, soma jibu la kijana wa Rangi Tatu hapo juu: badala ya radios=2 weka radios=10, utakuwa na mtaa wako mwenyewe ndani ya kompyuta.